Video ya hosteli inaungua imeingia kwenye grupu, admini anataka ipande saivi: uanzie wapi?

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Mi nasoma uandishi wa habari mwaka wa pili hapa Mwanza, na wenzangu tunaendesha ukurasa wa habari za vyuo, Instagram na chaneli ya WhatsApp. Juzi usiku imeingia video kwenye grupu, sekunde kama 40, hosteli inawaka, watu wanarusha magodoro dirishani, maandishi yanasema ni chuo fulani hukuhuku Kanda ya Ziwa, ni usiku huohuo, na wanafunzi wawili wamefariki. Kuna watu wanapiga kelele kwa lugha ambayo sikuielewa vizuri. Admini wetu anasema tukichelewa wenzetu watatuwahi. Darasani tunaambiwa 'thibitisha chanzo' ila hatuambiwi unathibitishaje ukiwa na simu tu na bando la kuungaunga. Nimeiuliza AI ikanijibu inawezekana ni kweli. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Nimefurahi umeuliza kabla ya kuposti, wengi wananiletea maswali ya hivi wakiwa wameshaitwa kwa mshauri wa wanafunzi.

Tuanze na kitu ambacho umekiandika mwenyewe afu ukakipita kama hakina uzito. Umesema watu wanapiga kelele kwa lugha ambayo hukuielewa. Yaani hosteli ya Kanda ya Ziwa, usiku, wanafunzi wamepagawa, na kwenye sekunde 40 husikii hata "jamani", hata "kimbieni", hata Kisukuma cha kuibia? Hiyo peke yake haitoshi kusema video ni ya uongo, maana vyuo vina wanafunzi wa kutoka nchi nyingine na sauti inaweza kupachikwa juu ya video yoyote, ila hapo ndo pa kushika. Irudie mara tatu na hedifoni, andika neno lolote unalolishika hata kama hujui maana yake, afu mtafutie mtu. Kwenye chuo chochote kikubwa hukosi Mkongomani, Mrundi, Mganda. Mpelekee sauti tu bila kumwambia maandishi yanasema nini, muulize "hawa wanaongea nini?" Ukimwambia kwanza kwamba ni moto wa Mwanza atasikia anachotegemea kusikia.

Sasa "thibitisha chanzo" mnayoambiwa darasani mi naitafsiri hivi: mtafute mtu wa kwanza. Acha kujiuliza "hii ni kweli au uongo", hilo swali linakupa jibu la ndio au hapana na bado hujui lolote. Jiulize nani aliipiga, alikuwa amesimama wapi, lini, na imepita wapi mpaka ikanifikia mimi. Kwa ninavyoona, vingi vinavyotusumbua huku kwetu ni picha halisi kabisa, moto ni moto kweli na watu wanalia kweli, kilichobadilishwa ni maneno ya juu yake. Ndo maana kukodoa macho kwenye video ukitafuta "ujanja ujanja wa kompyuta" mara nyingi ni kupoteza muda.

Kwahiyo hatua ya kwanza sio Google, ni huyohuyo aliyeitupia kwenye grupu. Mfuate pembeni, sio mbele za watu maana mbele za watu atatetea heshima yake, muulize kwa upole hii umeipata wapi, we ulikuwepo? Mara nyingi atakwambia kaikuta kwenye grupu la mtaa au la kwaya. Sawa, nani kaituma huko? Endelea kupanda mpaka uzi ukatike. Ukikatika umejifunza kitu, kwamba kwenye huo mnyororo wote hakuna hata mmoja anayesema mimi niliona. Angalia na juu ya ujumbe wenyewe, ukiona vile vimshale viwili vyenye maneno kwamba umesambazwa mara nyingi, maana yake umeshapita mikono kama mitano au zaidi kabla ya kukufikia. Toka 2020 WhatsApp wanaruhusu ujumbe wa namna hiyo upelekwe sehemu moja tu kwa wakati, na bado unafika kila mahali ndani ya usiku mmoja, fikiria.

Na hapa kuna mtego unaowanasa hata waliokomaa kazini. Admini atakwambia "lakini nimeiona kwenye magrupu manne tofauti". Hiyo ni video moja iliyotembea. Watu kumi waliosikiliza voisi noti moja ni chanzo kimoja, tena chanzo kisicho na jina.

Haya, simu. Hapa ndo nataka unisikilize maana ndo sehemu ambayo kizazi chenu mnaikimbia, mko tayari kukaa masaa mawili kwenye mtandao kuliko kuongea na mtu dakika mbili. We uko Mwanza. Chuo kilichotajwa kina wanafunzi wengi tu, na lazima kuna mtu kwenye darasa lenu aliyesoma kidato cha sita na mtu ambaye saivi yuko pale. Gazeti kubwa la Dar es Salaam usiku huo halina hicho kitu, linasubiri mwandishi wake wa mkoa aamke. Hiyo ndo nguvu yenu na mnaiacha hapohapo mezani.

Piga, usitume meseji, kwenye meseji mtu anakukopia alichosoma. Na usimuulize "ni kweli hosteli imeungua na wawili wamefariki?" maana umeshampa jibu mkononi, atasema "ndio nasikia hivyo". Muulize tu, "Niambie, juzi usiku hapo kulikuwaje?" Kama kulikuwa na moto atakuhadithia kabla hujamaliza kuuliza. Akianza kuhadithia sasa ndo umbane kistaarabu: uliona mwenyewe au umeambiwa, ulikuwa upande gani wa jengo, nani mwingine alikuwa na wewe, kuna chochote ulichopiga kwa simu yako. Aliyekuwepo anakupa vitu vya ajabu ajabu visivyo na mpangilio, maji yalikuwa yamekatika, fulani kasahau laptopu karudi ndani, matroni alikuwa analia. Aliyeambiwa anakupa kilekile kilichoandikwa kwenye meseji na kwa mpangilio uleule. Ukiwasikia wachache utaanza kuwatofautisha bila shida.

Usiishie kwa wanafunzi. Kuna mlinzi wa getini, kuna mama lishe anayewauzia chapati, kuna boda wa kijiwe cha pale nje, hao hawalali na hawana sababu ya kuficha. Afu ndo uende kwa wenye vyeo: afisa uhusiano wa chuo, serikali ya wanafunzi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mkoa, kamanda wa polisi wa mkoa. Tafuta namba za ofisi, ile 114 ya zimamoto ni ya dharura, usiizibe kwa kuulizia habari kuna mtu nyumba yake inawaka kweli. Kila simu andika saa ngapi umepiga, nani kapokea, kasema nini, na asiyepokea andika hajapokea saa fulani. Daftari hilo ndo litakalokutetea siku mtu akikuuliza umejuaje.

Wakati unasubiri watu wakupigie ndo urudi kwenye video. Isimamishe sehemu tano au sita upige skrinshoti: pale jengo linapoonekana zima, pale penye maandishi yoyote, penye gari, penye watu wenye sare, na ile fremu ya kwanza kabisa. Kata maneno na emoji zilizobandikwa juu, usipokata, Google Lens (ile ya Google ya kutafuta kwa kutumia picha) itakutafutia maneno badala ya jengo. Afu zipitishe zile picha moja moja kwenye Lens, na zikishindwa jaribu TinEye kwenye brauza ya simu, ina kipengele cha kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi na hicho ndo unachokitaka, tarehe. Jaribu pia kuigeuza picha kushoto iwe kulia, wapo wanaogeuza makusudi ili isipatikane. Ukiikuta imepostiwa hata siku moja kabla ya huo usiku unaodaiwa, umemaliza. Huhitaji kujua iliungua wapi ili useme kwamba sio ya juzi Mwanza.

Ila nisikilize vizuri kwenye hili: usipoikuta, hujathibitisha kwamba ni mpya. Video kibao zinaishi ndani ya WhatsApp tu na mtambo wa kutafuta haujawahi kuziona. Nimeshaona mwanafunzi anaandika "tumetafuta hatukuikuta popote, hivyo ni ya kweli". Hapana bwana. Kutokuikuta maana yake hujaikuta, basi.

Macho yako nayo ni kifaa. Kama kuna gari linapita, linapita upande gani? Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, ukivuka kwenda Rwanda, Burundi au Congo wanaendesha kulia, na Afrika Magharibi karibu yote kulia. Namba za gari za kwetu zinaanza na T, za Kenya K, za Uganda U. Tazama matangazo ya mitandao ya simu ukutani, nguzo za umeme, sare za watu wa zimamoto, namna vyumba vilivyopangwa kwenye ghorofa. Na we mtu wa Mwanza una kitu ambacho mtu wa nje hana, unajua mji wako ulivyo, kama huyo aliyepiga amezungusha kamera mpaka nyuma ya jengo na hakuna mwinuko wala jiwe hata moja, muulize mtu anayekifahamu chuo hicho kama inawezekana.

Kama unadhani haya ni mambo ya kuchezea, kuna kazi ya BBC Africa Eye, timu ya uchunguzi ya BBC, ya 2018 ambayo kila mwanafunzi wa habari angeisoma hatua kwa hatua. Julai mwaka huo ilisambaa video ya wanaume wenye sare za jeshi wanawapeleka wanawake wawili na watoto wawili kwenye njia ya vumbi, wanawafunga macho, wanawaua kwa risasi. Watu walisema ni Cameroon, serikali ya Cameroon ikasema ni habari ya uongo. Ile timu haikubishana na mtu. Wakachukua mstari wa vilele vya milima unaoonekana nyuma kwa sekunde chache mwanzoni mwa video, wakaufananisha na picha za setilaiti, ukakaa sawasawa na eneo la Zelevet, kaskazini ya Cameroon karibu na mpaka wa Nigeria. Wakaangalia majengo gani yapo kwenye video na mwaka gani yalionekana au kutoweka kwenye setilaiti, wakapima vivuli vya wale askari wakitembea kujua jua lilikuwa wapi, wakabana tarehe mpaka kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwishowe askari wakatajwa kwa majina, na Septemba 2020 mahakama ya kijeshi huko ikawahukumu wanne kati yao miaka 10 jela. Lakini ninachotaka ukichukue ni hiki, ile milima waliitafuta mno hawakuipata, mpaka mtu mmoja wa Cameroon alipowadokeza waangalie upande wa Zelevet. Setilaiti zote zile, na bado alihitajika mtu anayekujua kwao.

Ukimpata anayesema ndiye aliyepiga, mwombe akutumie faili kama dokumenti, sio kama video ya kawaida. WhatsApp ikituma kawaida inabana ubora na kufuta taarifa zilizojificha ndani ya faili, saa iliyopigwa, aina ya simu, pengine hata mahali. Hizo nazo zinachezewa kwahiyo usiziabudu, zinasaidia tu. Mwombe na video nyingine za usiku huohuo, mtu aliyeshuhudia moto na simu mkononi hawezi kuwa na kipande kimoja tu cha sekunde 40. Na asiwe mtu unayemwambia "nenda karibu kidogo unipigie nyingine". Usimpeleke mtu kwenye moto kwa ajili ya ukurasa wa Instagram.

Afu kuna hao "wawili wamefariki". Wengi mnaichukua video na maandishi yake kama dai moja, kumbe hapo kuna madai manne: kwamba kuna moto, kwamba ni chuo hicho, kwamba ni usiku huo, kwamba kuna vifo. Kila moja lina ushahidi wake. Moto unaweza kuwa wa kweli na vifo vikawa vya kuzushwa, na mama wa mtoto anayesoma pale anasoma ukurasa wenu akiwa Shinyanga. Hata habari ikiwa ya kweli tupu, namba za saa za mwanzo hazikai. Septemba 2024 bweni la Hillside Endarasha Academy kule Nyeri, Kenya, liliungua, siku ya kwanza ikatangazwa watoto 17, baadaye ikafika 21. Katikati hapo Naibu Rais Gachagua akasema watoto 70 hawajulikani walipo, na hakusema wamekufa, wengi wao wazazi au majirani walikuwa wamewachukua, ila namba kama hiyo ni rahisi kutembea mtandaoni kama idadi ya vifo. Hapo kwenu ziwani mnaikumbuka MV Nyerere, 20 Septemba 2018, kivuko cha kubeba watu 101, idadi ya waliofariki ikapanda siku hadi siku mpaka 228. Aliyeandika namba ya usiku wa kwanza bila saa na bila jina la aliyeitoa alijikuta na habari mbovu ingawa hakudanganya. We andika "mpaka saa 4 usiku, kwa mujibu wa fulani". Inaonekana ni urembo, siku ya pili utaona kazi yake.

Kuhusu taarifa za wenye mamlaka. Kwanza zipo za kughushi, ile barua yenye nembo, kichwa cha TAARIFA KWA UMMA na sahihi ni kitu cha dakika tano kwa mtu mwenye simu. Usiishie kuitazama nembo, soma jina la aliyesaini uangalie kama bado yuko kwenye hicho cheo, jina la wizara maana zinabadilishwa kila mara wakighushi wanasahau, tarehe na siku ya wiki kama vinalingana, afu nenda mwenyewe kwenye tovuti au akaunti ya taasisi, ya serikali inaishia .go.tz na ya chuo .ac.tz. Uingie kwa kuiandika, usipitie linki uliyotumiwa. Hata sura ya chombo kikubwa inaigizwa, kuelekea uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2017 zilizunguka video feki zilizovalishwa nembo za BBC na CNN, zimekaa kama taarifa ya habari kabisa.

Pili, na hili halisemwi sana, taarifa halisi ya mkubwa inathibitisha kwamba mkubwa kasema. Machi 2021 tetesi za afya ya Rais Magufuli zilijaa kila mahali, tarehe 12 Waziri Mkuu Majaliwa akiwa Njombe akawaambia waumini kwamba Rais yupo, mzima, anachapa kazi, na tarehe 17 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, akatangaza kifo. Mwandishi aliyeandika "Waziri Mkuu amesema Rais ni mzima" aliandika kitu sahihi. Aliyeandika "Rais ni mzima" alijitwisha kitu ambacho hakukiona. Na waliokuwa wanarusha tetesi nao hawakuwa na ushahidi wa kumwonesha mtu, usije ukanisoma kwamba nasema mtaa ulikuwa sahihi. Kwahiyo chuo kikikwambia "hakuna moto uliotokea", andika chuo kimesema, na yule boda wa kijiweni bado unamhitaji.

Sasa AI yako. Ilikujibu "inawezekana ni kweli", na hilo ni jibu la mtu ambaye hajui na hataki kuonekana hajui. Haikuwepo, haijampigia mtu, na mara nyingi haina habari ya kilichotokea juzi Mwanza. Mbaya zaidi huwa inajaza mapengo kwa ujasiri. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilitoka na orodha ya vitabu 15 vya kusoma kipindi cha joto, 10 kati yake havipo duniani, waandishi ni wa kweli ila vitabu vimetungwa, aliyeiandaa alitumia AI na hakukagua. Gazeti kubwa hilo. Itumie kukupa maneno ya kutafutia, kukunakilia sauti, kukufasiria kitu ambacho binadamu atakihakiki, basi. Na zile tovuti za kukwambia "asilimia 87 imetengenezwa na AI" usizijengee hoja, hasa kwa video iliyokwisha kubanwa na WhatsApp mara sita.

Halafu uoga wa AI nao unapotosha. Ali Bongo, Rais wa Gabon wa wakati huo, alikuwa mgonjwa muda mrefu haonekani, 1 Januari 2019 ikatoka video ya salamu zake za mwaka mpya, anaonekana kakakamaa, macho hayapepesi, watu wakasema hiyo ni ya kutengenezwa na kompyuta. Wiki haijaisha, tarehe 7, wanajeshi wakajaribu mapinduzi na yakashindwa. Waliokuja kuichunguza ile video hawakupata ushahidi kwamba ilitengenezwa. Kwahiyo "hii inaonekana kama AI" nayo ni dai, linahitaji ushahidi kama dai lingine lolote.

Turudi kwa admini wako maana yeye ndo tatizo lenye haraka. Usimwambie "maadili", mwambie kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kusambaza taarifa ya uongo huku ukijua ni ya uongo, faini isiyopungua milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu au vyote. Atakwambia "mi sikujua". Sawa, akaeleze hivyo kituoni. Afu mpe kitu cha kuposti ili asikae mikono mitupu, maana kukaa kimya kabisa nako kunawaachia uwanja wazushi. Sio ile "je ni kweli?" huku mmebandika video yenyewe chini, huko ni kuisambaza kwa kuuliza. Bila video, andikeni mnachokijua tu, kwa mfano: "Kuna video inayodai hosteli ya chuo fulani imeungua. Mpaka saa 3:40 usiku wanafunzi wawili wanaoishi hosteli hiyo na mlinzi wa zamu wametuambia hawajaona moto. Tumepiga ofisi ya zimamoto mkoa, tunasubiri jibu. Ukiwa na video uliyopiga mwenyewe tutumie." Mistari minne, na watu watakuja kwenye ukurasa wenu kuangalia mmefikia wapi. Mkipata jibu la zimamoto mnaiongezea palepale na saa yake. Mkigundua mlichoandika kina kasoro, rekebisheni na mseme mmerekebisha nini, msifute kimyakimya, skrinshoti zipo.

Na hata ikithibitika kwamba video ni ya nchi nyingine, mi ningekuwa we nisingeifunga hapo. Kwanini watu wa vyuo vyenu waliamini haraka hivyo? Pengine kwa sababu wanaijua hali ya hosteli zao, madirisha yana nondo, mlango wa dharura umefungwa kufuli, mitungi ya kuzimia moto ilikaguliwa lini hakuna anayejua. Hiyo ndo stori, na hiyo inataka utafiti sasa, sio mbio za usiku mmoja. Andika barua kwa zimamoto mkoa na kwa chuo uombe tarehe za ukaguzi wa mwisho, taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, wana mpaka siku 30 kukujibu, kwahiyo itume leo uendelee na mengine. Huku nyuma tafuta mwenyewe: kwenye Google andika site:go.tz filetype:pdf afu maneno yako kwenye alama za nukuu, utashangaa nyaraka zilizolala huko ambazo hakuna aliyezifungua. Ripoti za CAG (mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali), Hansard za Bunge, hukumu za mahakama kwenye tovuti ya TanzLII, takwimu za NBS (ofisi ya taifa ya takwimu), vyote bure. Mtu akikwambia "zaidi ya nusu ya hosteli hazina vifaa" muulize nusu ya ngapi, kazihesabu nani.

Ukikutana na tovuti usiyoijua huko njiani, usikae ukaisoma mpaka chini ukijaribu kuihukumu kwa muonekano. Watafiti wa Stanford waliwahi kuwakalisha wahakiki habari, wanahistoria na wanafunzi wa chuo chao mbele ya kurasa mbalimbali, moja ya American Academy of Pediatrics, chama kikubwa cha madaktari wa watoto cha toka 1930, nyingine ya American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojimega 2002. Majina karibu yanafanana na kurasa zote zimependeza. Wanafunzi wengi wakakiamini kile kidogo, na baadhi ya wanahistoria wakapotea pia, kwa sababu walibaki ndani ya ukurasa wakisoma kwa makini. Wahakiki walitoka mapema, wakafungua tabo nyingine kuuliza wengine wanasemaje kuhusu hawa, wakajua ndani ya dakika chache. Hiyo inafanyika kwa simu yako hiyohiyo na inakula bando kidogo kuliko kuangalia video.

Mwisho kuhusu kompyuta. Kazi yote ya usiku ule inafanyika kwa simu na vocha, usisubiri laptopu. Utakapopata nafasi ya maabara ya chuo kuna vitu viwili vya kujifunzia pale, kimoja ni kiongezo cha brauza kinaitwa InVID-WeVerify, kinakukatia video fremu na kukutafutia kwenye mitambo kadhaa kwa mpigo, kingine ni Google Earth Pro ya kompyuta, ni bure, ina picha za setilaiti za miaka ya nyuma. Anza na sehemu unayoijua, chuo chenu chenyewe, urudi nyuma mwaka mmoja mmoja uone jengo gani lilijengwa lini. Na chochote utakachokikuta mtandaoni ambacho kinaweza kufutwa kesho, kihifadhi kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa, siku hiyohiyo kabla hujamtafuta mwenye nacho, wengine wakiona simu ya mwandishi kitu cha kwanza ni kufuta. Ile sauti ya video ukishapata wa kuitafsiri nitumie majibu, nataka kujua ni lugha gani.